Maswali Yenu: Kuimba, kuigiza na kuongoza muziki kwenye majumba ya majimboni Marekani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za waigizaji wa shoo za nyimbo huko Marekani (michezo ya kuigiza yenye kuimba), wale wa majimboni ambao Broadway, yale majumba makubwa ya shoo ya New York, wanaisikia kwenye simu kama sisi, basi maswali yakamiminika mpaka mhariri akasema nafasi yote ya mwezi huu iwe ya hayo hayo. Haya tuanze. Mimi mkate wangu ni kupiga kinanda kwenye shoo za aina hiyo, kwa hiyo nikielemea sana upande wa muziki mnivumilie.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Tuko Louisville, Kentucky, tulikuja hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kijana wangu wa tatu amemaliza sekondari, kanisani anaimba na kinanda anakipiga vizuri, sasa anasema hataki kwenda kwenye maghala ya mizigo kama kaka zake, anataka kuwa mwigizaji wa kuimba kwenye majumba ya huku huku, ati si lazima New York. Hiyo ni kazi au ni uvivu tu? (Mama wa Louisville)

JIBU: Shikamoo mama. Ni kazi, tena inachosha kuliko ghala, ila si ajira ya kuamka kila Jumatatu unaenda pale pale. Marekani kila mji wenye ukubwa fulani una jumba lake la maonyesho lenye kampuni yake, halitegemei New York. Arena Stage ya Washington ilianza 1950, Guthrie ya Minneapolis ikafungua 1963, na hapo hapo kwenu Louisville lipo Actors Theatre tangu 1964, ingawa lile jina lake lilipanda kwa michezo mipya ya maneno zaidi kuliko ya nyimbo. Kwa upande wa nyimbo kuna Goodspeed, kajumba ka 1876 pembeni ya mto Connecticut kwenye kijiji kinaitwa East Haddam, viti mia nne hivi basi, halafu kuna The Muny ya St. Louis ambayo ni uwanja wa wazi kwenye bustani, watu 11,000 wanakaa usiku wa joto la kiangazi na viti kama 1,500 vya nyuma ni bure kila shoo, anayewahi ndio anakaa. Hawa wote wanahitaji waimbaji.

Sasa maisha yenyewe mama. Mtu anapewa mkataba wa shoo moja. Mazoezi wiki mbili mpaka nne, kiangazi hata siku kumi tu, halafu shoo zinaanza, kwa kawaida nane kwa wiki, Jumatatu mapumziko, na wikiendi unapiga mbili kwa siku. Mshahara ni wa wiki, ajenti (anayekutafutia kazi) akiwepo anakata asilimia 10, chama cha waigizaji kinakata chake, kodi inakata yake. Majumba makubwa yakikuleta kutoka mji mwingine yanakupa pa kulala, na hapo ndipo mtu anaweza kuweka akiba kidogo. Shoo ikifungwa umefungwa na wewe, unarudi nyumbani kuomba nyingine, katikati hapo unafundisha watoto kuimba, unapiga kinanda kanisani, harusini, popote. Hata wazuri sana wanaishi hivyo, kijana wako asije akadhani ni hatua ya mwanzo tu halafu inaisha. Miezi ya ukame ipo kila mwaka.

Ila kuna kitu umekisema kwa kupita tu na mimi kimenishika, kwamba anapiga kinanda. Mama, waimbaji wazuri Marekani ni wengi mno, kwenye odisheni moja (majaribio ya kuchagua waigizaji) wanapanga foleni toka alfajiri. Mwimbaji anayeweza kukaa kwenye kinanda, akasoma nota, akawafundisha wenzake sauti zao, huyo ndiye simu yake inalia mwezi wa ukame. Kwa hiyo kama kuna hela ya somo moja tu, ielekeze kwenye kinanda na kusoma nota, sauti anayo tayari.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mwanza, mwaka wa kumi na kitu sasa. Huyo mnayemwita mkurugenzi wa muziki wa shoo, kazi yake ina tofauti gani na yangu? Nataka kujua kama ningeiweza. (Mwalimu wa kwaya)

JIBU: Milele na milele, amina. Mwalimu, huyo ndiye anayewafundisha waimbaji nyimbo na kuiongoza bendi usiku wa shoo, kwa hiyo wiki ya kwanza ungejiona uko nyumbani. Siku za mwanzo ni watu wamezunguka kinanda, soprano huku besi kule, unagonga sauti moja moja mpaka zinakaa, na kila mtu kaweka simu mbele anarekodi, maana kesho mwalimu wa dansi anawachukua na kuanzia hapo ile sauti ya tatu uliyoihangaikia itaimbwa mtu anaruka na kiti kichwani. Hilo la kwanza lizoee, kwamba kwaya yako haisimami tena.

La pili ndio gumu. Kwenye kwaya wewe ndiye saa, ukishusha mkono wanaanza. Kwenye shoo saa ni mwigizaji. Kuna vipande vya muziki vya baa mbili au nne (baa ni kile kipimo cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) vinavyozungushwa chini ya maneno mpaka mtu aseme neno fulani, akilisema tu unatakiwa utoke kwenye ule mzunguko na bendi nzima itoke na wewe. Sasa fikiria, uko kwenye kinanda, mkono wa kushoto unazungusha besi, macho yako jukwaani, jamaa leo kaamua kuvuta pumzi ndefu kabla ya lile neno kwa sababu watazamaji wanacheka, unazungusha tena, na tena, mpiga ngoma anakuangalia, halafu neno linatoka ghafla na wewe una nusu sekunde ya kuinua kichwa kuwapa ishara. Mara nyingi hao wapigaji hawakuoni kwa macho, wako shimoni chini ya jukwaa au chumba kingine kabisa, wanakutazama kwenye kitivii kidogo maana kuna kamera imeelekezwa usoni kwako. Na kuna usiku mtu anaruka ubeti mzima, hajui hata kama karuka, wewe ndiye unayeamua kumfuata au kumsubiri, unataja namba ya baa kwenye maiki na mnaruka wote. Watazamaji wakienda nyumbani bila kujua, ndio mshahara wako huo.

Kabla ya kufungua kuna siku moja tamu kuliko zote, waimbaji na bendi wanakutana mara ya kwanza, hakuna mavazi hakuna kucheza, watu wanakaa kwenye viti wanaimba shoo yote mwanzo mwisho. Wamezoea kinanda kimoja wiki zote hizo, leo wanasikia tarumbeta nyuma ya mgongo, nimeona watu wazima wanalia. Kesho yake inaanza wiki ya mitambo, taa na sauti, siku ya masaa 12 ambamo mnafanya kazi masaa 10, mnarudia mlango mmoja kufunguka mara ishirini na wewe unapiga baa zile zile nane mpaka uzichukie.

Kitu kingine cha kukuchekesha: vitabu vya muziki si mali yenu, vinakodishwa kutoka kwa kampuni kama MTI ya New York, iliyoanza 1952. Kwa hiyo ni penseli tu, hakuna kalamu ya wino, na shoo ikiisha mnakaa chini na raba kufuta kila alama, mkirudisha vichafu mnalipishwa. Nadhani walimu wa kwaya wote wangefurahi kuwa na sheria hiyo kwa vitabu vya kanisa.

Ungeiweza? Sikio unalo, uvumilivu unao. Swali langu ni solfa. Wengi wetu tumelelewa kwenye do re mi za herufi, na ni elimu nzuri sana kwa sauti, ila pale kitabu ni mistari mitano, kurasa mia mbili na zaidi, ufunguo (pale do inapokaa) unabadilika katikati ya wimbo, na asubuhi dada mwenye uhusika mkuu anakuja na mafua anakuomba ushushe wimbo wake sauti moja nzima sasa hivi. Kama mistari mitano unaisoma kwa kuhesabu na kidole basi anzia hapo, kila siku kidogo.

SWALI: Mambo bro! Niko TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, mwaka wa pili. Nasikia kuna majamaa huko wanaigiza NA kuongoza muziki kwenye shoo moja, inawezekanaje mtu mmoja? (Kijana wa Bagamoyo)

JIBU: Poa sana dogo. Inawezekana kwa sababu kuna shoo ambazo waigizaji wenyewe ndio bendi, hakuna mtu shimoni. Mfano unaozunguka sana majimboni ni Million Dollar Quartet, inahusu ile siku ya tarehe 4 Desemba 1956 ambapo waimbaji Elvis Presley, Johnny Cash, Carl Perkins na Jerry Lee Lewis walikutana studio ya Sun mjini Memphis. Anayeigiza Jerry Lee lazima apige kinanda kweli kweli, hakuna kudanganya, na majumba mengi yanamkabidhi huyo huyo kuongoza muziki. Mchana anawanoa wenzake, jioni anavaa na kupanda nao. Hawezi kuinua mikono kuhesabu kwa sababu yeye ni mhusika kwenye hadithi, kwa hiyo anaongoza kwa kichwa, kwa bega, kwa pumzi, na ile pumzi wenzake wanaijua kama mnavyomjua mpiga ngoma kiongozi akikaza mkono kabla ya kubadilisha mdundo.

Uingereza walishalifikisha mbali. 2004 mwongozaji John Doyle aliiweka shoo ya nyimbo ya Sweeney Todd kwenye kajumba ka Watermill karibu na Newbury, waigizaji wakibeba vyombo vyao wenyewe, mwaka uliofuata wazo hilo likafika Broadway na Patti LuPone, mwimbaji mwenye jina zito, akawa anapiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, jukwaani. Watu wakaandika mengi kuhusu ubunifu, na kweli ni ubunifu, ila tusidanganyane, bajeti nayo ilikuwepo mezani. Watu kumi wanaojipigia wenyewe ni nafuu kuliko watu kumi na bendi ya watu tisa.

Hapo sasa ndipo nakutaka ufungue masikio. Marekani waigizaji wana chama chao, Actors' Equity, tangu 1913, na wanamuziki wana cha kwao tangu 1896, kila kimoja kina mikataba yake. Ukipewa kazi mbili uliza kabla ya kusaini ni malipo gani kwa kipi, na saa zako za kuwanoa wenzio nani anazilipa. Wapo vijana wanafurahia jina mara mbili kwenye kijitabu cha shoo wakati hela ni ya mtu mmoja. Usiwe huyo.

Na wewe una bahati ambayo huioni kwa sababu uko ndani yake. Hapo chuoni kwenu, toka 1981, mtu anafundishwa ngoma, kucheza na kuigiza kwa pamoja. Marekani wengi wamesomea kuimba tu, kinanda walikiacha wakiwa na miaka tisa, sasa wana thelathini wanakitafuta.

SWALI: Lakini tuseme ukweli, mtu akizeekea huko majimboni bila kufika Broadway si amefeli tu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hapana, na swali lenyewe limegeuza barabara. Shoo ya Annie ilianzia Goodspeed 1976, kwenye kale kajumba ka kijijini, ndio 1977 ikaenda New York. Dear Evan Hansen ilianzia Arena Stage 2015. Hata The Lion King yenye Kiswahili chetu cha kuazimwa ilionyeshwa kwanza Minneapolis, Julai 1997. Shoo nyingi za namna hiyo zinaimbwa usiku wa kwanza huko majimboni, na shoo ikihama si wote wanahama nayo, hapo kuna uchungu sikatai. Lakini mtu anayefanya shoo tano kwa mwaka, kila moja uhusika tofauti, na ana nyumba na watoto wanaojua baba yuko wapi, mimi simwiti aliyefeli. Na wewe uko Nairobi, mwanamuziki wenu Eric Wainaina na wenzake walipeleka shoo yao ya Tinga Tinga Tales kwenye jumba la New Victory, New York, 2018, wakitokea huko huko kwenu, hakuna aliyewauliza walipita jimbo gani.

SWALI: Kaka naomba haraka, nina odisheni wiki mbili zijazo hapa Minneapolis, ya kwanza maishani. Wamesema nilete baa 16. Nifanyeje? (Binti wa Minnesota)

JIBU: Usiogope mdogo wangu. Baa 16 ni kama nusu dakika, mara nyingine zaidi kidogo, kwa hiyo chagua kipande chenye mwanzo na mwisho, kisiwe katikati ya sentensi, na kiwe wimbo unaoweza kuuimba ukiwa na mafua. Karatasi za nota ziwe kwenye faili gumu, zimeprintiwa pande mbili ili mpiga kinanda asigeuze geuze, na zile plastiki zinazong'aa usitumie, taa inapiga pale juu hatuoni kitu. Weka alama kubwa unapoanzia na unapoishia. Angalia ufunguo kama ndio ule unaouimba, maana ukileta ufunguo usio wako nitapiga ulichoniletea.

Ukiingia, salimia meza, yaani wale wanaochagua, halafu njoo kwenye kinanda kwanza. Nionyeshe mwanzo, mwisho, na sehemu yoyote unayopunguza mwendo, halafu niimbie mstari mmoja kwa sauti ndogo sana ndio nijue kasi. Usinipigie vidole tafadhali, kila mpiga kinanda ninayemjua anachukia vidole. Nikikosea endelea kuimba, usinigeukie na jicho, meza inaona. Wakati mwingine anayepiga ndiye mkurugenzi wa muziki mwenyewe, na hata kama siye, ukitoka wanamuuliza huyu dada alikuwaje hapo kwenye kinanda.

Ukimaliza sema asante, chukua muda wako, usikimbie. Na lile faili lako usiliache juu ya kinanda, kila odisheni tunabaki nayo mawili matatu.