Oksijeni ya kifaru aliyelazwa kwa dawa: kwa nini mtungi peke yake hautoshi

SWALI: Mimi ni daktari wa mifugo, na ndiyo kwanza nimeanza kazi ya wanyamapori Laikipia, Kenya. Tulimlaza dume la kifaru mweupe kwa etofini (dawa kali ya usingizi ya jamii ya afyuni) na azaperoni (dawa ya kutuliza) ili tumkate alama masikioni. Oksimita, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo kwenye damu, ilisoma asilimia 74. Tulimpitishia mpira puani na kumpa oksijeni lita 15 kwa dakika, lakini ikapanda hadi 80 tu. Je, tulipaswa kumwamsha papo hapo?

JIBU: Kwanza hakikisheni kwamba kipimo kinasema kweli. Ngozi ya kifaru ni nene na rangi yake huzuia mwanga wa oksimita, kwa hiyo kwaruzeni kwa wembe upande wa ndani wa sikio mpaka tabaka la juu litoke, kisha ndipo mbane kifaa. Linganisheni mapigo kinayoonyesha na yale mnayoyasikia kifuani. Yakitofautiana, namba ya oksijeni nayo haiaminiki.

Tuchukulie kwamba 74 ilikuwa sahihi, kwa sababu kwa kifaru mweupe aliyelazwa kwa etofini hilo ni jambo la kawaida sana. Dawa hii hupunguza kasi na kina cha pumzi, mwili wenye uzito wa tani 2 hukandamiza mapafu, na sehemu ya damu hupita mapafuni bila kukutana na hewa safi. Laikipia, kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Kuna pia jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni mtetemeko: misuli inayotetemeka mfululizo huunguza oksijeni nyingi, kwa hiyo mnyama anapungukiwa huku matumizi yake yakipanda. Ndiyo maana mtungi wenu haukufua dafu. Mliongeza oksijeni katika hewa anayovuta, ilhali anavuta hewa kidogo na mwili unaendelea kutumia kupita kiasi.

Dawa inayogusa pande zote mbili ni butofanoli, ambayo huipunguzia etofini nguvu bila kuiondoa kabisa. Hutolewa kwenye mshipa wa sikio mara mnyama anapolala na kudhibitiwa, kwa kawaida miligramu 10 hadi 20 kwa kila miligramu 1 ya etofini iliyotumika. Mtetemeko hupungua na pumzi huongezeka, na oksijeni ya mtungi, ambayo isiachwe, sasa hupata njia ya kufanya kazi. Nawasihi hapa muwe waangalifu: usingizi wake utakuwa mwepesi zaidi na anaweza kujaribu kusimama, kwa hiyo kamba na kitambaa cha macho viwe imara, na mtu asisimame mbele ya kichwa chake.

Piga hesabu ya mtungi kabla ya kutoka kambini. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi bari 150 hubeba takriban lita 1,500, yaani dakika 100 kwa lita 15 kwa dakika, au dakika 50 mkiongeza hadi 30, kiwango ambacho kwa dume mkubwa ningekipendelea.

Kuhusu mkao, akilala kifudifudi mapafu hupanuka vizuri zaidi, lakini misuli ya miguu hubanwa, kwa hiyo msimwache hivyo muda mrefu. Nchini Namibia watafiti waliwapima vifaru weusi 12 wakiwa wamening'inizwa kwa miguu, jinsi wanavyobebwa kwa helikopta, na wakakuta oksijeni yao haikuwa mbaya kuliko ya wale waliolazwa ubavu.

Kwa dume wenu, nisingemwamsha kwa 80 akiwa anapumua kwa mpangilio. Ningempa butofanoli, ningeongeza oksijeni, kisha ningesubiri dakika 5. Naltreksoni, dawa ya kumwamsha inayoondoa nguvu ya etofini, iwe tayari ndani ya sindano muda wote, na itolewe bila kusita ikiwa pumzi zinashuka chini ya 4 kwa dakika, au ikiwa oksijeni inaendelea kuporomoka licha ya hayo yote, hata kama alama za masikio hazijakamilika.