Lee Chong Wei: Maswali Yenu, na Moja Lililonichosha

Tangu niandike kuhusu Lee Chong Wei, mchezaji wa badminton wa Malaysia, ujumbe haukauki. Nimechambua machache.

Ni kweli alifariki kwa saratani? (Wengi, kuanzia Ilala hadi Mbezi)

Yu hai! Nimeshalijibu hili hadi basi. Mkisikia saratani tu, mmeshaanza kuchanga rambirambi. Ilitangazwa Septemba 2018 kwamba ana saratani ya pua, akatibiwa Taiwan, na Juni 2019 akatundika raketi baada ya miaka 19 timu ya taifa. Alitamani kucheza Olimpiki ya Tokyo; mwili ukakataa. Ambalo hamkuuliza ni dalili zake: pua inayotoka damu kila mara, sikio la upande mmoja lililoziba wiki nzima nzima, uvimbe shingoni usiouma. Hayo si ya kununulia matone dukani. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Amepoteza fainali tatu za Olimpiki. Bingwa gani huyo? (Shabiki, Kijitonyama)

Kaka, nchi yako ina medali mbili tu za Olimpiki, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980, na zote ni za fedha. Mwambie Bayi usoni kwamba si lolote.

Lee alikaa namba moja duniani kwa jumla ya wiki 349 na kutwaa All England, mashindano makongwe ya badminton ya Uingereza, mara nne. Mwaka 2008, Beijing, Lin Dan wa China alimchapa bila huruma, 21-12 na 21-8. London 2012 walifika seti ya tatu, Lin Dan akaponea 21-19. Rio 2016 Lee alilipa kisasi kwenye nusu fainali, 22-20 seti ya mwisho, kisha fainali akafungwa na Chen Long, naye wa China. Dhahabu hakupata, sawa. Lakini miaka minane yote hiyo, aliyetaka dhahabu alijua atakutana naye njiani.

Mbona mnamficha? Si alikamatwa na dawa? (Temeke)

Hakuna aliyeficha. Kwenye mashindano ya dunia ya Copenhagen, Agosti 2014, alikutwa na deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe iliyokatazwa kwa wachezaji. Akanyang'anywa medali yake ya fedha na kufungiwa miezi minane. Jopo liliridhika kwamba hakukusudia kudanganya: dawa iliingia kupitia kidonge cha lishe. Hata hivyo adhabu hakuikwepa, maana kinachoingia mdomoni mwa mchezaji ni mzigo wake mwenyewe.

Sasa nyie mnaomcheka. Deksamethasoni hiyohiyo mnainunua bila cheti cha daktari, mradi mnenepe mashavu na nyonga. Muuzaji anawahesabia vidonge kwenye kibahasha, hata jina la dawa halijaandikwa. Inapandisha sukari, inalegeza mifupa, inadhoofisha kinga, na ukiizoea huwezi kuikatisha ghafla bila daktari. Lee walau alipimwa. Wewe nani anakupima?

Mwanangu ana miaka tisa, anataka kuanza. Raketi ya Kariakoo inatosha? (Mama, Tabata)

Inatosha, mama yangu, mradi iwe nyepesi. Pesa iweke kwenye viatu visivyoteleza, maana mchezo huu ni kukimbia na kusimama ghafla, na kifundo cha mguu ndicho kinachoumia. Usimchezeshe uwanja wa wazi ukategemea atajifunza: kinyoya, kile kinachopigwa badala ya mpira, kina uzito wa kama gramu tano, na upepo wetu wa baharini utakipeleka kwa jirani. Tafuta ukumbi. Lee mwenyewe alipenda mpira wa kikapu. Mama yake akamkataza kwa sababu ya jua kali la uwanjani, ndipo akaangukia badminton. Akina mama wa Dar mna sababu hiyohiyo kila siku ya Mungu.

Lin Dan naye yuko wapi? (Upanga)

Alistaafu Julai 2020. Mwaka 2023 yeye na Lee waliingizwa pamoja kwenye orodha ya magwiji ya shirikisho la dunia.

Alilipwa shilingi ngapi? (Mbagala)

Muulize mhasibu wake.

Nitumie vidonge gani nipate pumzi kama yake? (Kijana, Sinza)

Mdogo wangu, rudi usome jibu la Temeke. Kisha kanunue kamba ya kuruka.