Tataki ya jodari isiive hadi ndani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tataki yako, yaani samaki wa Kijapani anayebabuliwa nje tu na kubaki mbichi ndani, inaiva hadi katikati badala ya kubaki nyekundu. Nadhani moto wako ni mdogo, hivyo samaki anakaa motoni muda mrefu. Kule Kochi, kisiwani Shikoku, Japani, jodari mdogo aitwaye katsuo huchomwa kwa mabua makavu ya mpunga. Ndimi za moto hupanda juu, ngozi inababuka, moshi unaingia, na samaki anaondolewa upesi.

Wewe tumia kikaango cha chuma. Mnofu utoke kwenye friji ukiwa baridi, ufute maji kabisa, utie chumvi. Mafuta yakianza kufuka moshi, laza upande wa ngozi sekunde 30 hivi, pande nyingine 10 tu. Ukikata, ukingo mweupe uwe mwembamba kama ukucha.

Akishachomwa, wengi humtumbukiza kwenye maji ya barafu ili apoe. Mimi sipendi, yanaosha harufu ya moshi, kumpoza kwenye friji kunatosha. Kata vipande vya sentimita 1, ule na tangawizi, kitunguu saumu na mchuzi wa soya wenye ndimu.

Tafadhali, nunua samaki aliyekaa kwenye barafu tangu avuliwe. Jodari aliyeachwa kwenye joto hujenga histamini, kemikali inayodhuru mlaji, na hiyo haiondoki hata umkaange mpaka akauke.