Ulikua ukitembeza karanga? Piga hesabu upya kabla ya kuifanya kazi ya maisha

Vijana wengi wa Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala, Dar es Salaam, wanatimiza miaka 18 wakiwa wameshafanya biashara karibu nusu ya umri wao. Walitembeza karanga, barafu na visheti baada ya shule. Wanajua kumwita mteja, wanajua konda gani akikopa analipa, na wanajua kona ipi inajaa watu saa 11 jioni. Huo ni ujuzi kamili, na asikudharau mtu kwa kuupatia mtaani.

Ila wengi wakianza kujitegemea kwa kazi ileile, mtaji unakatika baada ya muda mfupi, nao wanadhani wana mkosi. Si mkosi. Biashara ya utotoni ilibebwa na nyumba: mkaa alinunua mama, chumvi ilitoka jikoni, mchana ulikula nyumbani, kodi ya chumba hukuijua. Mtoto alitoa bei ya karanga kwenye mauzo, kilichobaki akakiita faida, na hesabu hiyo ndiyo anayoendelea nayo ukubwani.

Chukua kilo 5 za karanga zilizobanguliwa. Tuseme kilo ni shilingi 4,000 (weka bei ya soko lako la leo), jumla 20,000. Ukishachambua mbovu na kukaanga, maji na maganda vinaondoka, unabaki na kama kilo 4.4. Ukifunga gramu 25 kwa pakiti unapata pakiti 176, na kwa shilingi 200 kila moja, mauzo ni 35,200. Kwa hesabu ya mtoto, faida ni 15,200. Sasa toa mkaa 2,000, chumvi na karatasi 1,500, nauli ya kwenda na kurudi 1,200, chakula cha mchana 2,500. Umebaki na 8,000, na hapo pakiti zote zimeisha. Zikirudi 20, zimeondoka na 4,000.

Kijiko cha kupimia nacho kina mambo yake. Ukijaza kwa kilima, pakiti ya gramu 25 inakuwa ya 30. Gramu 5 hazionekani kwa macho, lakini pakiti zinashuka kutoka 176 hadi 146, mauzo yanakuwa 29,200, na ile 8,000 inageuka 2,000. Kwa hiyo nunua mizani ndogo ya jikoni, tafuta kifuniko au kikombe kinachobeba gramu 25 kikisawazishwa kwa kisu, kisha tumia hichohicho kila siku. Mteja wa kudumu ukitaka kumwongezea, mwongezee mkononi ukijua unampa kiasi gani.

Ubora unaanzia kwenye ungo, kabla ya moto. Toa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na usizirudishe kwa kuonea huruma kilo yako. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haimalizwi na moto wa jiko, na haina mchezo: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa kilo moja, koroga kijiko kimoja cha chakula cha chumvi katika nusu kikombe cha maji, changanya na karanga, acha kama robo saa, kisha anika kwenye ungo mpaka zikauke juu. Ukiziweka motoni zikiwa mbichi na maji, ganda linaungua na ndani panabaki pabichi. Kaanga kilo moja moja, kwa mchanga uliooshwa na kuchekechwa, moto wa wastani, mkono usisimame. Vunja punje moja katikati. Ikianza kuwa na rangi ya majani makavu, ipua, kwa sababu karanga inaendelea kuiva kwa joto lake hata ikiwa nje ya sufuria. Halafu subiri zipoe kabisa. Wengi wanaharibu hapa kwa haraka ya kuwahi stendi: wanafunga zikiwa na joto, mvuke unanasa ndani ya pakiti, na kesho yake karanga zimelegea.

Pesa ya mauzo igawe usiku uleule. Mtaji wa kesho uende kwenye laini ya simu usiyotumia kwa mambo mengine, gharama zibaki mkononi, na cha kwako kiwe kiasi kilekile kila siku. Mchezo wa kijumbe, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, ulipwe kutoka kwenye cha kwako, kamwe usitoke kwenye mtaji. Mkopo wa kausha damu usiuguse kwa biashara ya pakiti za 200, marejesho yake yatamaliza faida kabla hujala.

Gumu zaidi ni la nyumbani. Ulizoea kumkabidhi mama kila kitu, naye amezoea kupokea. Kaa naye mapema, mweleze kwa heshima: "Mama, kila siku nitakuletea elfu mbili, hii nyingine ni ya kununulia mzigo." Mwoneshe na daftari. Ukinyamaza, mtaji utaishia kwenye unga na dawa, na hutaweza kumlaumu mtu.

Na kama hukukulia kwenye karanga bali gereji au kwa fundi seremala, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ukapewa cheti. Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, yaani QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ifuatilie mapema, kwani utaulizwa karibu kila ofisi.

Biashara ikikua, utashawishika kumpa mtoto wa jirani sinia atembeze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na wa 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala masomo. Mchukue mtu mzima, umlipe kwa pakiti. Kwa shilingi 40 kila pakiti, pakiti 176 ni 7,040, karibu faida yote tuliyoipata juu. Kwa hiyo usiajiri ukiwa bado unanunua kilo 5. Anza kununua kwa gunia kwa bei ya jumla, wapelekee wauza kahawa na maduka ya mtaani, kisha ndipo utafute wa kukusaidia.