Ziwa la Kuchemka siku ya Jumatatu

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimesikia ulishakwenda Dominica mara mbili. Naomba ile ratiba yako ya siku saba, mimi na mume wangu tunakwenda Februari." Ratiba ninayo. Ipo kwenye simu mpaka leo, jedwali la rangi nne, kila siku mambo mawili au matatu, dakika zimehesabiwa. Nilipoimaliza nilijiona hodari kweli. Lakini siitumi kwa mtu. Ratiba hiyo ndiyo iliyomfanya mdogo wangu anijibu "ee" na "haya" kwa miezi minne.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kisiwa kipi. Dominica ni kisiwa cha Karibi, na siyo Jamhuri ya Dominika. Shangazi yangu kule Tanga alikitafuta kwenye ramani, akaangukia ile nchi nyingine, akanipigia kuuliza mbona picha zetu hazina mchanga mweupe. Mchanga wa Dominica mwingi ni mweusi, wa volkano. Mtu anayetaka wiki nzima ya kujilaza ufukweni aende kwingine. Wewe unayenisoma najua hutaki hivyo. Unataka msitu, mito, maporomoko na bahari, na urudi kazini na hadithi.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Kina urefu wa kilomita 47 hivi, na eneo lake halifiki la Pemba. Hapo ndipo nilipojidanganya. Nilipima ramani kwa kidole gumba nikasema hapa na pale ni dakika ishirini. Ramani haikunionyesha kwamba katikati kuna milima, mmoja wao Morne Diablotins wa mita 1,447, na barabara inaizunguka kona kwa kona. Kutoka uwanja wa ndege, kaskazini-mashariki, hadi mji mkuu Roseau, kusini-magharibi, ni zaidi ya saa nzima garini, na tumbo lako lazima liwe na adabu.

Safari ya kwanza tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu, na shoga yangu niliyesoma naye. Sote tunaishi Uingereza, sote tunafanya zamu za saa 12 kwa miguu, kwa hiyo niliamini miguu tunayo. Tulitua Jumapili jioni baada ya kubadili ndege Antigua. Jumatatu saa 2 asubuhi nilikuwa nimeshawasimamisha kijijini Laudat, mwanzo wa njia ya kwenda Ziwa la Kuchemka.

Mwongozaji wetu alitutazama viatu. Alipofika kwenye raba nyeupe za mdogo wangu akanyamaza kidogo, kisha akasema "twende". Kile kimya nilikiona. Nilikiona nikakiruka, kwa sababu kwenye jedwali langu saa 10 alasiri tulitakiwa tuwe tumeshaoga.

Njia ile ni saa tatu kwenda na tatu kurudi kwa mtu mwenye mwendo mzuri. Sehemu kubwa ni ngazi za magogo yaliyofukiwa ardhini, mengine yanafika gotini. Unavuka mto unaoitwa Breakfast River, hapo watu wanajaza chupa, halafu unaupanda Morne Nicholls, upepo unakupiga, unaona bahari. Baada ya hapo unashuka kwenye Bonde la Ukiwa, nalo jina limelikaa. Miti imekwisha. Ardhi inatoa mvuke, vijito vingine rangi ya maziwa, vingine vyeusi kama masizi, na hewa yote ni yai viza. Mwongozaji akatoa mayai begini, akayatumbukiza kwenye kijishimo cha maji yanayotokota, tukayamenya na kuyala na chumvi tumesimama. Nilikuwa nimevaa bangili ya fedha aliyoniachia bibi. Ilianza kufifia tukiwa palepale, na usiku ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Fedha na ile salfa hazipatani, ungejua ungeivua. Mimi sikujua.

Ziwa lenyewe limefunikwa na mvuke. Unangoja upepo. Ukipuliza, unaona maji ya kijivu yakifurukuta katikati kama uji uliozidiwa na moto, upana mita 60 hivi, na kingo zake zimekatika wima. Nililia, nakiri. Nikageuka kumwonyesha mdogo wangu, nikamkuta amekaa juu ya jiwe ameligeuzia ziwa mgongo, anakanda goti.

Wakati wa kurudi mvua ikanyesha. Magogo yakawa sabuni. Aliteguka kifundo cha mguu tukiwa bado tuna zaidi ya saa moja mbele yetu, na ile saa moja tuliigeuza mbili na nusu, mwongozaji akimshika huku, mimi kule. Nyuma yetu nikasikia shoga yangu akisema, siyo kwa sauti kubwa: "Hii siyo likizo, tumeletwa jeshini."

Neno hilo bado lina makali. Mwenzenu nilikesha wiki tatu kutafuta nyumba, gari, waongozaji na bei. Hakuna aliyefungua hata ukurasa mmoja. Kila nikiuliza, jibu "wewe panga tu, tutafuata". Mtu akikuambia panga tu, mpe kazi ya kuchagua siku mbili, akikataa usimpeleke popote. Hiyo ni nasaha ya bure.

Jumanne ilikuwa siku ya kuogelea kwenye miamba. Tulikaa barazani na barafu kwenye taulo. Jumatano nikaenda peke yangu Trafalgar, kwenye maporomoko mawili yaliyokaa jirani ambayo watu wa pale wanayaita Baba na Mama. Sikuwa nimeuliza kama kuna meli za watalii bandarini. Zilikuwepo. Nina picha kumi na moja za migongo ya watu. Siku zilizobaki sina la kusema.

Miaka miwili baadaye nilirudi na mume wangu, mtu ambaye hata ghorofa ya pili anasubiri lifti. Na safari ile, niseme tu bila haya, niliiweza. Siku ya kwanza hakuna kupanda. Tuliingia baharini pale Champagne, kusini ya Roseau, kwa miwani na mrija wa kupumulia. Volkano inapumua chini ya maji, vipovu vinapanda kati ya vidole vyako kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Ufuko ni wa mawe, kwa hiyo ingia na viatu. Siku ya pili kaskazini, Portsmouth, kwenye mto wa Indian River. Injini hairuhusiwi, unapigiwa makasia taratibu kati ya miti ambayo mizizi yake imesimama kama kuta. Mtu wa mikoko kama mimi nilijiona nyumbani.

Mchana huohuo tukapanda Cabrits, penye ngome ya Fort Shirley. Huko ni kutembea kidogo tu, lakini usipaache. Mwaka 1802 askari wa kikosi cha nane cha West India, wengi wao Waafrika walionunuliwa utumwani na kuvishwa sare za Uingereza, waliiteka ngome hiyo kwa sababu hawakuwa wamelipwa na waliogopa kuuzwa kwenye mashamba ya miwa. Waliangushwa, wengine wakauawa. Mwaka 1807 askari watumwa wote wa jeshi la Uingereza wakatangazwa huru. Mume wangu alisimama kwenye ukuta pale akitazama bahari mpaka nikamwita mara mbili.

Ziwa tuliliacha mpaka Alhamisi. Miguu ilikuwa imezoea, tulikuwa na viatu vya kushika tope, na Ijumaa haikuwa na kitu zaidi ya kukaa kwenye madimbwi ya maji moto ya Wotten Waven, tukila supu ya majani ya majimbi na shelisheli ya kuchoma. Ladha ni ya kwetu kabisa, wameongeza pilipili tu.

Basi huo ndio ushauri wangu, dada uliyeniandikia. Jambo zito liweke katikati ya wiki, na siku inayofuata iache tupu. Ulizia siku za meli. Mvua ikinyesha milimani usiende kwenye korongo la mto, maji yanajaa ghafla. Upande wa mashariki ni Atlantiki, mawimbi yake hayana mzaha, ogelea magharibi. Na jambo zito liweke katikati, narudia, kwa sababu najua utaliweka Jumatatu. Sisi wa ughaibuni tukipata siku kumi za likizo tunazishika kama mtu aliyepewa dakika tano za kufagia duka kwa bure. Tunakimbia, tunabeba, tunawavunja tuliokwenda nao, halafu tunaweka picha tukitabasamu. Acheni. Mwangalie mwenzako viatu kabla hujaangalia saa.

Mdogo wangu nilimwalika safari ile ya pili. Akasema ana zamu. Hakuwa na zamu. Nilimletea kikapu kilichosukwa na Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, wanaoishi upande wa mashariki, chenye mistari myeusi na ya kahawia, kazi ya mkono iliyobana hata sindano haipiti. Anawekea vitunguu.