Maswali na majibu: Mishumaa ya nta inapasuka, tena inazimika

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Uyole, Mbeya. Nanunua nta kwa warina asali wa Chunya, natengeneza mishumaa nyumbani kwa kalibu za bati. Mingi inapasuka ikiganda, na juu inabonyea kuzunguka utambi. Nikiiwasha, moto unachimba shimo katikati kisha unazimika. Nimejaribu kuichemsha nta zaidi, hali ni ileile. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba. Kuichemsha zaidi kunakuongezea tatizo. Kinachopasua mishumaa yako ni baridi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na ikiganda husinyaa. Ukiimimina ikiwa ya moto sana kwenye bati lililolala kwenye baridi ya Uyole, hasa Juni na Julai, sehemu ya nje inakauka papo hapo huku ya ndani bado ni uji. Ya ndani inapokuja kusinyaa, ya nje imeshakuwa ngumu, haiwezi kuifuata. Hapo lazima pawe na ufa au bonde.

Kwa hiyo pasha kalibu kwanza, ziwe na uvuguvugu mkononi, na paka ndani mafuta ya kula kidogo mno ili mshumaa utoke bila kung'ang'ania. Epua nta, iache ipoe hadi nyuzijoto 70 au 75. Kama huna kipimajoto, angalia ukingo wa sufuria: utando mwembamba ukianza kujitokeza, mimina polepole. Bakiza nta kidogo ya kujazia juu, ukiona panaanza kubonyea na bado ni laini. Kisha zifukie kalibu kwenye boksi la maranda ya mbao, ambayo kwenu hayana shida kupatikana, au zizungushie blanketi kuukuu, uziache hadi asubuhi. Usizipeleke nje zipoe haraka.

Yeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, lakini nta ikikaa juu ya 85 kwa muda mrefu hubadilika rangi na kupoteza harufu yake ya asali, na harufu hiyo ndiyo mteja anayoilipia. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto wa mkaa. Ikishika moto, nakuomba sana usimwagie maji. Ifunike kwa mfuniko na uzime jiko.

Kuhusu kuzimika, tazama utambi. Nta ya nyuki ikiyeyuka ni nzito kuliko parafini ya mishumaa ya dukani, kwa hiyo utambi mwembamba unaochomoa kwenye mishumaa hiyo hauwezi kuivuta ya kutosha. Unayeyusha katikati tu, halafu unazama. Suka utambi wako kwa nyuzi za pamba tupu. Uzi wa cherehani mara nyingi si pamba, hivyo choma kipande: pamba inaacha majivu laini, nailoni inajikunja kuwa kidonge kigumu. Chovya utambi kwenye nta, unyooshe ukauke, ndipo uuweke kwenye kalibu. Tengeneza mishumaa mitatu ya unene uleule, kila mmoja na utambi wa unene tofauti, uiwashe pamoja mahali pasipo upepo. Ule unaoyeyusha nta karibu hadi ukingoni bila kutoa moshi ndio utambi wako. Ukibadilisha unene wa kalibu, rudia jaribio.

Nta ya warina pia huja na masalia ya asali na gundi ya nyuki, yanayoziba utambi. Iyeyushe na maji ya mvua, chuja kwa kitambaa, iache igande juu ya maji, halafu kwangua uchafu ulioganda chini ya kipande. Kabla ya kumimina hakikisha haina maji. Mwali unaotatarika ni dalili ya maji yaliyobaki.

Ukiona mishumaa imepata unga mweupe baada ya wiki kadhaa, usiitupe. Si kuvu. Ni tabia ya nta halisi, na ukiifuta kwa kitambaa laini unga unaondoka.