Bawa Libaki Kwenye Picha: Kupiga Picha za Milima Ukiwa Ndani ya Glaida

Picha yangu ya Matterhorn, mlima wa Alps, niliyoipiga kutoka kwenye glaida (ndege isiyo na injini) jua likielekea kuzama, imechaguliwa kuwa jalada la kalenda. Tangu habari itoke napokea ujumbe kila siku, na karibu wote mnauliza jambo moja: unatumia kamera gani? Nitajibu, ila kuna la moyoni nitangulize.

Picha hiyohiyo iliwahi kukataliwa. Jaji wa mashindano fulani aliniandikia kwamba bawa lililojitokeza pembeni linaharibu mandhari, nilikate. Sikulikata. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma, kwa sababu bawa ndilo linalomwonyesha mtazamaji kwamba mtu alikuwa pale bila injini, amebebwa na upepo mtupu, mbele ya mlima wa mita 4,478. Liondoe, na itabaki picha ambayo abiria yeyote wa helikopta angeipiga.

Haya, kamera yangu ni ya kawaida kabisa, na lenzi ni ya milimita 35. Picha inatokana na mahali ulipo angani na saa uliyofika hapo. Wengi wetu tunategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, nayo hufifia jua linaposhuka. Mwanga unapoanza kunoga, wanaoitegemea wameshatua. Ndiyo maana nawasihi mjifunze kuruka kwenye wimbi la mlima. Upepo mkali ukivuka safu ya milima wakati hewa imetulia katika matabaka yake, upande wa pili hewa hupanda na kushuka kwa mawimbi yanayosimama palepale, na yanaweza kudumu hadi jioni. Marubani wa glaida Ujerumani waliyagundua mwaka 1933. Mwaka 2018 glaida ya Perlan 2 iliyapanda juu ya milima ya Andes, Argentina, hadi zaidi ya mita 22,000.

Sisi hatuhitaji kufika huko. Mita 4,500 zinatosha, na oksijeni uwe umeanza kuivuta mapema, kabla akili haijalegea. Uzuri wa wimbi kwa mpiga picha ni huu: ukielekeza pua kwenye upepo na kasi yako ikalingana na ya upepo, glaida inabaki palepale angani. Mlima haukimbii! Unatulia, unangoja kivuli kitambae hadi kwenye bonde, unaona mawingu yenye umbo la lenzi yakianza kuwa mekundu kingoni, ndipo unapiga. Hapo ndipo nilipoipata Matterhorn yangu, baada ya jioni nyingi za kurudi na mwanga bapa usio na kivuli.

Kioo kinachokufunika ni cha plastiki, kwa hiyo filta ya polaraiza (ile ya kupunguza mng'ao) iache nyumbani: inazalisha michirizi ya rangi za upinde wa mvua. Vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe litajitokeza kwenye kioo na kuonekana angani. Sogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, au pigia kupitia kidirisha cha pembeni. Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi, fokasi uiweke mbali kabisa kwa mkono, na uhifadhi faili ghafi (RAW) kwa sababu ukungu wa bluu wa mbali unahitaji kusafishwa baadaye.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi vijana mnaonitumia video za simu mkiwa mmebanana na ubavu wa mlima. Ukiwa karibu na mteremko, kamera haipaswi kuwa mkononi. Pale unageuka kuelekea mbali na mlima tu. Glaida mbili zikikutana uso kwa uso, mwenye mlima kulia kwake ana haki ya njia na mwingine anampisha, na humwoni wa kumpisha ukiwa umefumba jicho moja. Kamera ifungwe kwa kamba fupi, kwani ikianguka inaweza kukwama chini ya fimbo ya usukani. Kama glaida ni ya viti viwili, mwenzako arushe, mkubaliane kwa sauti nani ameshika usukani. Na jioni usileweshwe na mwanga wa juu: kileleni bado ni dhahabu wakati bondeni, unakotakiwa kutua, giza limeshaingia. Anza kushuka kabla hujaridhika na picha. Msilipuuze hili eti kwa kuwa limesemwa na mtu aliyepata jalada. Lingekuwa kweli hata nisingelipata.

Kwa aliyeuliza kama simu inatosha: inatosha, ila funga fokasi yake, la sivyo itashika mikwaruzo ya kioo badala ya mlima. Nayo, kama betri za kamera, ikae mfuko wa ndani ya koti hadi utakapoihitaji, maana kwenye baridi ya juu chaji huisha haraka.